Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Tanzania: Breisi ya Mgongo na Mtoto Anayekua



Barua hii inahusu watoto wa umri wa kubalehe ambao uti wa mgongo wao hupinda kwenda ubavuni huku pingili zikijisokota, hali inayoitwa skoliosisi, na inaiomba Wizara iitambue breisi ya mgongo kuwa tiba yenye msimu wake, ambayo mtoto akicheleweshwa haimfai tena.

Skoliosisi si kibiongo, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi haitokani na mkoba mzito wala kukaa vibaya darasani. Hupimwa kwa pembe ya Cobb, iliyopewa jina la daktari Mmarekani John Cobb aliyeieleza mwaka 1948, ambayo hupatikana kwenye picha ya eksirei kwa kulinganisha mwinamo wa pingili ya juu na wa pingili ya chini ya mpindo. Kuanzia nyuzi 10 hali hiyo huhesabiwa kuwa skoliosisi. Kati ya nyuzi 25 na 40 breisi hufikiriwa kwa mtoto ambaye bado anakua. Na mpindo ukikaribia nyuzi 50 shauri huwa la upasuaji.

Breisi yenyewe ni gamba gumu la plastiki linalotengenezwa kwa kipimo cha kiwiliwili cha mtoto husika. Ndani yake pedi husukuma upande uliotokeza, nguvu mbili huukinza kutoka upande wa pili, juu na chini, na mkabala wa pedi huachwa nafasi ili mwili upate pa kusogea. Mtoto akiivaa mpindo hupungua, lakini akiivua sehemu ya nafuu hiyo hupotea.  Kwa hiyo lengo lake kuu ni kuuzuia mpindo usizidi hadi mifupa ikomae, kazi ambayo mikanda ya mpira inayovuta mabega nyuma haiwezi kuifanya.

Utafiti ulioongozwa na Stuart Weinstein huko Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa breisi walifikia ukomavu wa mifupa bila mpindo kufika nyuzi 50, ilhali miongoni mwa waliofuatiliwa bila breisi walikuwa asilimia 48. Vihisi joto vilivyowekwa ndani ya magamba vilihesabu saa za kuvaa, na walioyavaa kwa takriban saa 13 au zaidi kwa siku walifaulu kwa asilimia 90 au zaidi.

Kwa kuwa ukuaji wa msichana hupungua sana katika miaka michache baada ya kuvunja ungo, Wizara inaombwa mambo matatu. Kwanza, uchunguzi wa afya shuleni ujumuishe kipimo cha kuinama, ambapo mtoto huinama mbele akiwa amenyoosha magoti na kukutanisha viganja, na mchunguzi aliyesimama nyuma yake huangalia kama mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili. Pili, kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kiitaje breisi bayana, pamoja na ile ya kubadilisha mtoto anapoongezeka kimo. Tatu, wahitimu wa TATCOT, chuo cha Moshi kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa tegemezi, wapangiwe kazi katika hospitali za rufaa za mikoa na wapewe karakana, kwa sababu breisi hurekebishwa mara kwa mara, na mzazi anayelazimika kusafiri mbali kwa kila marekebisho hukata tamaa mapema.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji mashine mpya ya gharama kubwa; zinachohitaji ni mtoto aonekane angali anakua, kwani mifupa ikishakomaa breisi haiwezi tena kubadili mwelekeo wa mpindo, na aliyefikia kiwango cha upasuaji hubaki na njia hiyo peke yake.