Kura za Jon Snow

Makamanda, wiki iliyopita kikao cha tawi letu la chuo kilichelewa kuanza kwa dakika arobaini. Hatukunyimwa ukumbi, wala polisi hawakuja. Tulikuwa tunabishana kuhusu baba yake Jon Snow. Mwenyekiti anagonga meza, hakuna anayemsikiliza. Ajenda ya siku hiyo ilikuwa maandalizi ya uchaguzi wa tawi, na nakiri kwamba mmoja wa waliopiga kelele zaidi nilikuwa mimi.

Kwa ambaye hajui tunazungumzia nini: George R. R. Martin alianza kutoa riwaya zake za A Song of Ice and Fire mwaka 1996. Hadi sasa tuna vitabu vitano, na cha tano kilitoka 2011. Tamthilia yake, Game of Thrones, ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2019, misimu minane. Mimi niliiona kwenye flashi iliyozunguka hosteli nzima, halafu nikasoma vitabu kwenye simu, usiku, wakati nilipaswa kusoma Sheria ya Mikataba.

Jon analelewa kama mtoto wa nje ya ndoa wa Ned Stark. Ned hasemi mama ni nani, hata kwa mke wake. Basi mashabiki wakaanza upelelezi tangu miaka ya tisini, na nadharia iliyoshinda zote inasema Jon si mtoto wa Ned kabisa. Ni mtoto wa Lyanna, dada yake Ned, aliyezaa na Rhaegar Targaryen, mwana wa mfalme aliyepinduliwa. Ned alimficha kwa sababu rafiki yake Robert, mfalme mpya, angemuua.

Sasa hapa ndipo taaluma yangu inapoingia. Aliyesoma sheria ukanda wetu huu anaikumbuka kesi ya Simon Musoke ya 1958: ushahidi wa mazingira ukitaka kumtia mtu hatiani, lazima usiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya busara. Tuwapime mashabiki kwa kipimo hicho. Rhaegar anashinda mashindano ya mikuki pale Harrenhal, anampita mke wake mbele za watu na kumpa Lyanna taji la mawaridi ya buluu. Miaka mingi baadaye Daenerys anaona katika maono ua la buluu limeota kwenye ukuta wa barafu. Nani anaishi kwenye Ukuta? Jon. Halafu kuna Mnara wa Furaha. Mfalme ameshauawa, Rhaegar ameshauawa, lakini askari watatu wa kikosi cha kiapo cha kumlinda mfalme wako milimani Dorne wanalinda mnara. Wanamlinda nani? Ndani yumo Lyanna, anakufa, na Ned anampa ahadi inayomsumbua mpaka mwisho wa maisha yake.

Upande wa utetezi nao una hoja. Ned mwenyewe alimtajia Robert mwanamke aitwaye Wylla. Wengine wanamtaja Ashara Dayne. Kitabu cha tano kinaleta hadithi ya binti wa mvuvi. Akina mama watatu, kila mmoja na mashahidi wake wa kusikia. Lakini hakuna hadithi hata moja kati ya hizo inayoeleza wale askari watatu mnarani. Ningekuwa hakimu ningewapa mashabiki ushindi, na tamthilia iliwapa: 2016 tukaonyeshwa Lyanna akimkabidhi Ned mtoto. Vitabu bado vimenyamaza. Shahidi pekee aliye hai aliyekuwa mnarani siku ile, Howland Reed, hajatokea kwenye ukurasa hata mmoja wa vitabu vyote vitano. Anatajwa tu. Martin amemficha shahidi wake mpaka dakika ya mwisho, mjanja sana yule mzee.

Tuseme basi imethibitika. Jon ni wa Rhaegar. Je, amekuwa mfalme?

Hapa ndipo ubishi wetu wa hosteli huwa unakuwa mbaya. Rhaegar alikuwa na mke tayari, Elia Martell, na watoto wawili. Kwa ukoo wa Targaryen wake wawili si kitu kigeni, Aegon Mshindi alioa dada zake wawili kwa mpigo. Na sisi Watanzania hatushtuki, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Lakini sheria hiyo hiyo inakulazimisha uulize kwanza: ndoa ya kwanza ilikuwa ya aina gani? Kama ilikuwa ya mke mmoja, ya pili ni batili, na mtoto anarudi pale pale alipokuwa. Tamthilia ikakwepa swali: ikatuambia kuhani mkuu aliifuta ndoa ya Elia kimya kimya. Kwa sababu gani? Elia aliitwa kujitetea? Watoto wake wakawa nani? Hakuna aliyeuliza, na mashabiki tulishangilia. Mimi nilishangilia. Nilikuwa nimesimama juu ya kitanda.

Ni juzi tu, baada ya kile kikao, ndipo nilipojiuliza kwa nini nilishangilia. Jon alikuwa ameshapata uongozi kabla sisi hatujamtafutia baba. Kwenye kitabu cha tatu, Lindo la Usiku linafanya uchaguzi wa kamanda mkuu. Kila ndugu ana kura yake, awe mtoto wa bwana mkubwa au mwizi wa kuku aliyepelekwa Ukutani badala ya kukatwa mkono. Ili ushinde unahitaji theluthi mbili. Wanapiga kura usiku baada ya usiku bila mshindi. Wakati huo huo Mfalme Stannis anamwita Jon pembeni na kumwambia: nitakufanya Stark halali, nitakupa Winterfell. Yaani ile damu tunayomtafutia sisi miaka yote hii, mtu alimletea mkononi ikiwa na muhuri wa mfalme. Jon hakuichukua. Wenzake wakampigia kura, akawa kamanda wa 998.

Nimetafuta nadharia za mashabiki kuhusu uchaguzi huo. Zipo chache, za kuokoteza. Kuhusu damu yake zipo za kujaza maktaba. Wapo hata wanaosema Tyrion naye ni Targaryen, na kwamba yule kijana Aegon wa kitabu cha tano ni mtu wa kupandikizwa. Kila mhusika tunayempenda lazima tumtafutie babu mfalme.

Na sitaki kuupaka uchaguzi ule rangi. Haukuwa msafi. Sam, rafiki wa Jon, alimwendea mgombea mmoja na kumwambia kwamba mkishindwa kuelewana mfalme atamteua mpinzani wako. Halafu akamwendea mpinzani na kumwambia maneno yale yale kwa kugeuza jina. Ulikuwa uongo. Wote wawili wakajitoa. Sisi ambao kila baada ya uchaguzi tunaandika matamko, tungesema nini kuhusu Sam? Nimemuuliza mwenzangu wa chumbani, shabiki mkubwa wa Jon, akasema, "Lakini alishinda mtu mzuri." Nilimjibu kwamba hiyo sentensi nimewahi kuisikia ikisemwa na watu wa upande ule mwingine.

Kuna shimo lingine kubwa kuliko hilo. Kamanda wa Lindo huchaguliwa mpaka kufa. Hakuna muda wa uongozi, hakuna kura ya kutokuwa na imani, hakuna pa kukata rufaa. Jon anawapitisha watu wa nje ya Ukuta, maofisa wake wanalalamika, anawasikiliza na kuendelea na lake. Kisha anatangaza kwamba atakwenda Winterfell kupigana, jambo ambalo kiapo chao kinalikataza. Wanaopinga wangefanya nini kihalali? Hakuna. Wakatumia visu. Mashabiki wanajadili kama atafufuka na nani atamfufua. Mimi nataka mtu aniandikie nadharia kuhusu katiba ya Lindo ikiwa na kipengele cha kumwondoa kamanda bila kumuua.

Mwisho wa tamthilia, mnakumbuka, mabwana wanakaa kuchagua mfalme. Sam yule yule anasimama na kupendekeza kwamba labda watu wote wapige kura. Wanamcheka. Mmoja anauliza kama mbwa nao wapige, mwingine anasema atamuuliza farasi wake. Anakaa chini kwa aibu, wanaendelea na biashara. Aliyependekeza utaratibu mpya, kwamba wafalme wachaguliwe na mabwana badala ya kuzaliwa, ni Tyrion, mfungwa mwenye pingu mikononi. Tulilalamika sana kwamba Jon, mwenye damu, kanyimwa kiti. Sikumbuki mtu hata mmoja kwenye grupu letu aliyelalamika kuhusu Sam.

Kikao chetu kilipoanza hatimaye, nilitangaza kwamba nitagombea ukatibu wa tawi. Swali la kwanza kutoka kwa kaka mmoja tunayemheshimu lilikuwa: "Samahani dada, wewe ni mtoto wa nani kwenye chama?" Baba yangu anauza vipuri vya pikipiki na hajawahi kuwa na kadi ya chama chochote. Niliwajibu hivyo. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Uchaguzi ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Nimeomba kwa maandishi kwamba kura zihesabiwe mbele ya wapiga kura wote, na kwamba kanuni ya kumwondoa katibu isomwe kabla ya kupiga kura. Mwenyekiti amekubali la kwanza. La pili amesema tutaliangalia.