Neno Jepesi Ulimini



Juma lililopita, baada ya darasa la alasiri, tuliulizana sisi wanawake: ni neno gani la lugha yetu ambalo sikio lako hulipenda, na lipi hulichukia? Majibu yalikuja kwa furaha. Mmoja alichagua asumini, mwingine marashi, wa tatu liwazo. Katika maneno ya kuchukiza, wengi tuliafikiana juu ya shombo. Binti wa mvuvi akatukatalia. Kwake yeye, shombo ndiyo harufu iliyomjulisha utotoni kwamba baba amerudi salama kutoka baharini.

Kisha akasema mwenzetu aliyekuwa kimya. Neno asilopenda kulisikia ni tasa. Tukalirudia kimoyomoyo: silabi mbili nyepesi, wala hazikwaruzi sikio. Lakini yeye alilisikia kwenye shughuli ya harusi, likinong'onwa nyuma yake na wale aliokuwa akiwasaidia kuchambua mchele. Tangu siku hiyo hukawia kwenda shughulini, mpaka chakula kiwe kimekwisha kuiva. Tulitazama chini, kwani miongoni mwetu wamo waliowahi kulitamka.

Tunasahau upesi. Sura ya Ash-Shura inatufundisha kuwa ni Mwenyezi Mungu anayemjaalia watoto amtakaye na kumnyima amtakaye, na Sura ya Al-Hujurat inatukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Bibi Aisha (R.A.) hakujaaliwa kuzaa. Mtume wetu (S.A.W.) alimpa jina la heshima, Ummu Abdillah, kwa jina la Abdallah, mtoto wa dada yake Asmaa. Nao umma wote, hadi leo, humwita Mama wa Waumini.

Katika miji yetu ya pwani, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, na jina lake mwenyewe likasahaulika. Asiyezaa je, tumwite nani? Kabla ya kuagana tulimuuliza mwenzetu angependa tumwiteje. Akajibu kwa upole: "Niiteni kwa jina langu, nikiwapo na nikishaondoka."

Basi ndugu zetu, harusi za msimu huu zinakaribia, na majiko yatajaa watu. Tuzichunge ndimi zetu humo kama tunavyouchunga moto.

Wabillahi tawfiq.