Mwindaji hakuwa mlaji wa nyama tupu

Wanaotuhimiza turudi kwenye chakula cha wawindaji husema tuache ugali, tule nyama. Hawajamtazama mwindaji mwenyewe. Kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, nyama ni bahati. Upinde ukikosa windo, ipo mizizi, matunda, ubuyu, na asali wanayoipenda kuliko vyote. Watafiti wanakadiria kuwa Mhadza hupata nyuzinyuzi gramu 100 hivi kwa siku. Mmarekani, 15 au 16. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Herman Pontzer lilipima nguvu wanazotumia Wahadza likakuta kuwa, ukizingatia ukubwa wa mwili, hazipiti za watu wa Magharibi. Wembamba wao, basi, umetokana zaidi na chakula kuliko mwendo.

Lakini hapa kwetu Kenya, msitu hauwezi kulisha watu zaidi ya milioni 2.6 waliohesabiwa katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia mwaka 2019. Mahindi ndiyo yametulea, na mbegu ya Hybrid 611 iliyotoka Kitale mwaka 1964 sitaitusi. Ninachopinga ni kukoboa: pumba na kiini vinaenda kwa kuku, sisi tunabaki na unga mweupe, kisha tunauongezea soda na mandazi.

Uchumaji haujatutoka kabisa. Sokoni Bungoma utakuta chiswa, yaani kumbikumbi, waliokaangwa wakiuzwa kwa vikombe, na mrenda wa kupikwa na munyu uliochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Managu huota yenyewe katikati ya mahindi, bila kupandwa. Lakini siku hizi shamba hupigwa dawa ya magugu, na mboga hiyo hufa kabla haijafika chunguni. Hasara hiyo haiandikwi popote, kwa sababu mboga yenyewe hakuna aliyeinunua.

Kwa hiyo mjadala wa lishe ni mjadala wa ardhi pia. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kuwa kuigeuza Chepkitale hifadhi mwaka 2000 kulikiuka Katiba. Kwa jamii ya Ogiek wa Mlima Elgon, huko ndiko kwenye mizinga na malisho yao. Kumfukuza mtu pale ni kumpeleka dukani kununua sukari. Naunga mkono uamuzi ule, na nataka maafisa wa kilimo wa kaunti zote mbili wawaambie wakulima waache mistari michache ya mahindi bila dawa, managu iote.