Betri Isilale na Njaa

Ndugu zangu wakulima na wavuvi, leo naweka kando kahawa na usipa niseme juu ya betri, maana hela nyingi ya msimu naona inaishia humo.

Msimu wa kahawa ukiisha huku Mbinga, gari lililokuwa likibeba magunia kila siku linaegeshwa. Kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli, betri ya taa inafanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka mtumbwi unapumzika, na betri inatupwa kona ikiwa tupu. Wenyewe wakirudi wanakuta imekufa. "Betri za siku hizi feki!" Feki zipo, sikatai. Lakini nyingi tunaziua wenyewe kwa kuzilaza na njaa.

Ndani ya betri kuna pleti za risasi zilizozama kwenye asidi. Chaji ikishuka, pleti zinafunikwa na chumvi nyeupe. Ukichaji mapema, chumvi ile inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha wiki kadhaa inakuwa ngumu, na hapo hata chaja ya fundi haisaidii. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa chache inasoma kama 12.6. Ikishuka hadi 12.4, ichaji. Ikifika 12.0 imebaki na robo tu. Mita ya kupimia ni rahisi sana kuliko betri mpya. Hata kikundi kinaweza kununua moja.

Gari likiegeshwa, chomoa waya wa hasi na uchaji betri kila mwezi. Kuwasha injini dakika tano kisha kuzima hakusaidii kitu, kwani stata imekula umeme na altaneta haijapata muda wa kuurudisha.

Kwenye maji ndiko tunakochanganyana zaidi. Dukani jina "maji ya betri" linaitwa vitu viwili: asidi, na maji yasiyo na madini. Betri inayotumika inapoteza maji. Asidi inabaki, isipokuwa imemwagika. Kwa hiyo anayeongeza asidi kila ikipungua anazila pleti zake. Uliza vizuri kabla ya kulipa. Maji ya kisima, ya ziwa au ya chupa ya kunywa yana madini, usiyatie. Pleti zizame kama sentimita moja, na ujazie baada ya kuchaji. Chajia penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa sababu gesi yake hulipuka.

Na wavuvi, betri ya gari ina pleti nyembamba, imetengenezwa kupiga stata. Kuikamua usiku kucha kwa taa ni kuionea. Ya sola, inayovumilia kutumika kwa muda mrefu, ni ghali, najua, ila naona ndiyo ya kuchangiana. Kwa sasa, kama unayo ya gari, izime taa zikianza kufifia, na uipeleke kuchajiwa asubuhi hiyohiyo kabla ya kuanika usipa.