NYARA KWA MGENI, PINGU KWA MWENYEJI



Kila kiangazi, maji ya mto Katuma yanapopungua na viboko kusongamana katika madimbwi ya tope, wageni matajiri hushuka kwa ndege ndogo katika vitalu vya uwindaji vilivyo kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Huja kupumzika. Mapumziko yao ni kumpiga risasi nyati, chui au simba, kupigwa picha kando ya mzoga, na kurudi makwao na ngozi, pembe na mafuvu. Likizo ya majuma matatu ya namna hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Sheria huiita utalii.

Kiangazi kile kile, mkulima akikutwa porini na gobori na swala mmoja begani, sheria humwita jangili. Huyo hapigwi picha, bali hutiwa pingu, na watoto wake hubaki wakiuza akiba ya mahindi ili kumlipia faini.

Mtu asinielewe vibaya. Sitetei majangili wa meno ya tembo, waliofanya biashara ya damu na kutuachia mifupa. Tena nakiri kwamba pori lenye mwindaji anayelipa halifyekwi upesi. Wanaotetea uwindaji wa kitalii wana hoja hapo. Lakini hoja hiyo haijibu swali letu: mwenyeji alishirikishwa lini?

Tukumbuke jina la nchi yetu. Wazee wa Kibende wanasimulia kwamba Katabi alikuwa mwindaji, na roho yake inakaa katika mkwaju ulioko kando ya ziwa. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974, na mkoa uliozaliwa mwaka 2012, vyote vinaitwa kwa jina lake. Tumelitukuza jina la mwindaji, na wajukuu wake tumewafanya wahalifu.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa sheria ya wanyama iliyoanza kumnyima Mwafrika uhuru wa kuwinda katika nchi yake. Baadaye Waingereza, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, waliwakusanya watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi mapya. Pori likabaki bila watu, kisha akaja anayesema kwamba hapa hapakuwa na mtu tangu awali.

Wala tusidhani kwamba hayo huwapata Waafrika peke yao. Huko Uskoti kuna kisiwa kiitwacho Rum. Mwaka 1826 wakazi wake wapatao 300 walipakiwa melini na kupelekwa Kanada, ili ardhi yao ilishwe kondoo. Baadaye kisiwa hicho kikawa uwanja wa matajiri wa kuwinda kulungu, na mmoja wao akajijengea ngome ya fahari. Watu waliondolewa, wanyama wakaletwa, na likizo ikaitwa desturi ya nchi. Lakini tazameni kisiwa jirani cha Eigg: mwaka 1997 wakazi wake, pamoja na wenzi wao, waliinunua ardhi waliyokuwa wakiishi juu yake kama wapangaji. Basi yaliyofanywa na wanadamu yaweza kutenguliwa na wanadamu.

Kwetu mizani bado imepinda. Tembo akivunja shamba, au mamba akimchukua mtoto mtoni, Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa maisha ya mtu, na kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari ya mazao, tena si zaidi ya ekari 5. Malipo hayo hayaitwi fidia. Yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Aliyechagua maneno hayo alijua anachokwepa: fidia ni haki ya anayedai, lakini kitambaa cha kufutia machozi ni hisani ya anayetoa.

Na huko Loliondo, ambako kitalu kilikabidhiwa mwaka 1992 kwa kampuni ya wawindaji kutoka Falme za Kiarabu, maboma ya wafugaji yalichomwa moto Julai 2009, na Juni 2022 vigingi vikasimikwa kuzunguka kilometa za mraba 1,500 kwa nguvu ya askari. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Nabothi, na mwisho wake twaujua. Lakini Ahabu, pamoja na uovu wake wote, alianza kwa kumwuliza mwenye shamba, akamwahidi shamba jingine lililo bora. Sisi hata kuulizwa hatukuulizwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mkataba wa kila kitalu kinachopakana na kijiji usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na hesabu za mapato. Pili, hasara iletwayo na wanyama ilipwe kama fidia, kwa thamani ya kweli na kwa wakati. Tatu, jumuiya za hifadhi, ambazo kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu vijiji kuziunda, ziwe na kauli ya kukubali au kukataa, si ya kupiga makofi tu.

Nasi tujisahihishe. Anayekata miti na kuziba maji ya Katuma juu ya mto hana uso wa kuhubiri haki kwa walio chini.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo: Ni nani katika kijiji chetu aliyewahi kuuona mkataba wa kitalu? Ni nani aliyeharibiwa shamba, naye bado anangoja? Tumemsaidia nani kuandika madai yake?

Amani isiyo na haki ni ukimya wa mtu aliyezibwa mdomo. Tusiuite amani.