Tangerine Dream na Miaka ya Mashine Zisizotii

Tangerine Dream, kundi lililoanzishwa na Edgar Froese huko Berlin Magharibi mwaka 1967, huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa mitindo miwili inayokaribiana: roki ya anga, ambayo huzirefusha sauti za gitaa na kinanda hadi msikilizaji akahisi anaelea mbali na dunia, na muziki wa mandhari, ambao hauna beti wala kiitikio bali humzunguka msikilizaji polepole kama hewa ya chumba alichomo. Wengi wanaolifahamu leo wamelifahamu kupitia filamu za Marekani za miaka ya 1980, na hapo ndipo safu hii inapotofautiana nao, kwa kuwa kazi iliyolipa kundi hilo haki ya kukumbukwa ilifanyika mapema zaidi, wakati wanamuziki wake walipokuwa wakishindana na vyombo wasivyoweza kuvitawala kikamilifu.

Albamu ya kwanza, Electronic Meditation ya mwaka 1970, licha ya jina lake haikutumia sinthesaiza, yaani chombo kinachozalisha sauti kwa mikondo ya umeme. Froese alipiga gitaa, Klaus Schulze ngoma na Conrad Schnitzler selo, kisha wawili hao wakaondoka na nafasi zao zikaja kushikwa na Christopher Franke na Peter Baumann. Miaka miwili baadaye ilitoka Zeit, albamu ya santuri mbili ambamo kila upande umejazwa na kipande kimoja tu kisicho na mapigo ya ngoma, na kipande cha kwanza kikafunguliwa na selo nne. Ni kazi ngumu, tena isiyombembeleza mtu, lakini bila ujasiri wake hatua iliyofuata isingewezekana.

Hatua hiyo ni Phaedra, iliyorekodiwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1973 kwa ajili ya kampuni ya Virgin, iliyokuwa bado changa, na kutolewa Februari 1974. Franke alikuwa na sinthesaiza kubwa ya Moog iliyounganishwa na sikwensa, kifaa kinachohifadhi mfululizo mfupi wa noti kwa viwango vya volteji na kuurudia bila kukoma, huku mpigaji akiubadilisha kwa kuzungusha vitufe. Chombo hicho kiliathiriwa na joto, hivyo kadiri kilivyoendelea kuwaka noti zilihama taratibu kutoka mahali pake, na mhamo huo unasikika waziwazi katika kipande kinachobeba jina la albamu. Studio nyingine ingeifuta rekodi kama hiyo. Watatu hao waliihifadhi, na Phaedra ikafika nafasi ya 15 katika chati za albamu za Uingereza, jambo la ajabu kwa muziki usio na mwimbaji.

Hata filamu ya kwanza ya Hollywood waliyoitungia muziki, Sorcerer ya William Friedkin ya mwaka 1977, waliitungia kwa kusoma mswada tu, bila kuona picha zake, na kwa sababu hiyo muziki wake bado una uhuru wa kwenda unakotaka. Thief ya mwaka 1981 na Risky Business ya mwaka 1983 zina ustadi mkubwa, ila katika miaka iliyofuata vyombo vya kidijitali vilivyotii kila amri viliingia, vipande vikafupika, na ile hatari iliyokuwa uhai wa muziki ikapungua. Franke aliondoka mwaka 1987, na Froese akaliongoza kundi kwa wanamuziki wengine hadi alipofariki Vienna Januari 2015.

Wapo wanaoshikilia kwamba jina hilo lilipaswa kuzikwa pamoja naye. Hata hivyo Thorsten Quaeschning na Hoshiko Yamane, aliowachagua mwenyewe, wameendelea, na albamu ya Raum ya mwaka 2022 ilitumia rekodi alizoziacha. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba katika maonyesho yao wamekuwa wakitenga muda wa kutunga papo hapo mbele ya hadhira, bila kujua kipande kitaishia wapi.