Usimwite fundi mwizi kabla ya kuipa mashine kazi

Wasee, kuna fundi nilikaribia kumharibia jina juu ya namba moja.

Nilikuwa nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba hapa Nairobi. Ndani ina Core i5-2500K, prosesa ya 2011, na kasi yake ya kiwandani ni 3.3 GHz. Fundi akaniambia ameisukuma hadi 4.5. Nikatoa akiba yote niliyokuwa nayo tangu niache chuo. (Stori ya hiyo pesa na mama ni ya siku nyingine.)

Nafika nyumbani, nafungua CPU-Z: 1600 MHz. Manze! Nikarekodi vidio ya hasira, jina la duka na kila kitu. Kisha nikampigia simu nimtukane kabla sijaipandisha. Hata hakupandisha sauti. "Kijana, hiyo mashine umeipa kazi gani?"

Haikuwa na kazi. Ilikuwa imekaa tu, mwenye kelele ni mimi.

Nikaanza kurenda vidio ileile ya kumwita mwizi. Namba ikaruka hadi 4500 hapo hapo.

Kumbe iko hivi: saa ya msingi ni 100 MHz, halafu inazidishwa. Ikiwa na kazi inazidishwa mara 45. Ikikosa kazi, SpeedStep ya Intel inaishusha hadi mara 16 ili kupunguza joto na stima. Nayo ile 3.30 GHz ambayo Windows inaandika kando ya jina la prosesa ni sehemu ya jina lenyewe. Haisongi hata ufanye nini. Hata RAM huchanganya watu: DDR3 ya 1600 inasomeka kama 800 kwenye CPU-Z, kwa sababu inapitisha data mara mbili kila mpigo. Hujaibiwa nusu.

Sasa, sisemi mafundi wote ni malaika. Ipe mashine kazi nzito dakika kumi. Ikianza na 4.5 kisha iteremke huku joto likikaribia nyuzi 100, hapo inajipunguza yenyewe isiungue. Feni imejaa vumbi, ama ile krimu ya kupoza prosesa imekauka. Hiyo rudisha dukani, na uwe na sauti.

Lakini picha ya skrini ya mashine iliyolala si ushahidi, na sisi wenye wafuasi tunapenda sana kuipandisha kama ushahidi. Wengine wanaweka Windows kwa High performance ndiyo namba isishuke. Mimi sioni maana. Unalipia tokeni ndiyo picha ikae poa?

Vidio niliifuta. Fundi sijamwomba msamaha vile inafaa, ile ya ana kwa ana. Jumamosi napita dukani, na krimu pia inataka kubadilishwa.